Jaribio la Kubadilishana Majina

Jumatatu, 28 Oktoba 2024

Sikukuu ya taifa. Bendera kwenye balkoni nne za jengo la mbele, nimezihesabu kutoka kitandani. Miguu imevimba tena. Sista Vlasta kaja hata leo — anasema moyo wangu haujui sikukuu. Kabonyeza kifundo cha mguu kwa kidole, akaangalia kama shimo litajaa. Halikujaa.

Daktari alisema ni wiki, si miezi. Alisema kwa adabu, akiniita bwana mhandisi kila sentensi, kana kwamba cheo kingenisaidia kupumua.

Barua pepe kutoka kwa Zdislava Mračková. Ndiye mtunzaji mpya wa Kinu pale taasisi. Kinu changu! Programu niliyoiandika peke yangu nikiwa na nywele. Ametuma kiraka, nyongeza ya msimbo: Kinu kianze kupima aina tatu mpya za kubadili jina la faili. Anaomba nikague. Desturi yetu ni moja, hakuna msimbo unaoingia bila saini ya ukaguzi ya mtu wa pili. Kwa Kinu mtu wa pili ni mimi mpaka nife. Hilo la mpaka nife halikuandikwa popote, lakini wote wanalijua.

Kazi safi. Nimeisoma mara mbili nikitafuta uchafu.

Kisha sentensi yake ya utangulizi: hadi leo, ameandika, hakuna mtu aliyewahi kuandikia Kinu jaribio la kubadilishana majina.

Hakuna mtu!

Nimefunga kompyuta kwa nguvu. Vlasta kauliza kama naumwa. Nimemwambia ndiyo.


Jumanne, 29 Oktoba

Vlasta leo kataka kujua ninachokitazama kwenye skrini kwa uso wa mtu anayekula limau. Nimemweleza. Kinu huchezea diski kama mtoto aliyepandwa na wazimu: hufungua mafaili, huandika, hufuta, hubadili majina, maelfu kwa dakika, bila mpangilio. Halafu unazima umeme ghafla. Unawasha. Unaangalia kama diski bado ina akili.

— Na mtu analipwa kwa hilo?

— Nililipwa miaka ishirini na tano.

Akataka kujua hizo aina tatu. Ya kwanza: badili jina, lakini kama jina hilo lina mwenyewe, kataa. Ya pili: vitu viwili vibadilishane majina kwa pumzi moja, pasiwe na sekunde ambayo kimoja hakina jina. Ya tatu: badili jina, ila acha alama mahali pa zamani, ili kilichofunikwa chini yake kisionekane.

— Huyo wa tatu ni mume wangu wa kwanza, kasema Vlasta. Kaondoka zamani, slipa zake zikabaki mlangoni. Mwaka mzima majirani wanadhani yupo.

Nimecheka mpaka mashine ya oksijeni ikalalamika.

Ya pili niliiandika mimi. Niliiandika Machi 2014. Miaka kumi na nusu kabla ya binti huyu! Na siwezi kumwambia mtu.


Alhamisi, 31 Oktoba

Zdislava kapiga simu. Sauti changamfu, ya mtu aliyelala vizuri. Anajua kuwa naumwa, anaomba radhi kwa kunisumbua, bwana mhandisi. Jumanne ya wiki ya pili kuanzia sasa, yaani tarehe kumi na mbili, atasimama mbele ya taasisi nzima aeleze kazi yake. Angependa saini yangu iwe imepatikana kabla.

Halafu, kama mtu anayeongeza sukari, kasema: Leoš amenisaidia sana.

Leoš! Si bwana mhandisi Kaláb, mwenzangu wa zamani pale taasisi. Leoš tu. Kumbe binti alikwenda kwake kijijini mwezi wa tisa, siku za kuvuna zabibu. Wakakata zabibu mchana kutwa, jioni Leoš akamchorea folda kwa chaki kwenye pipa la mvinyo. Jarmila, mke wa Leoš, kawapikia bata. Na Leoš akamwambia tuache haya mambo ya bwana na bibi, niite kwa jina. Siku ya kwanza!

Mimi nimemfahamu binti huyu miaka sita. Sikuwahi kumwambia aniite Ctibor. Sikujua namna ya kulisema.

Alikata zabibu na mtu ambaye hagusi kompyuta tangu miaka kumi. Mimi nipo hapa hapa mjini, vituo vitatu vya tramu.

Kaniuliza mwishoni: ukiwa mwandishi wa Kinu, unadhani kwa nini jaribio hili halikuwahi kuandikwa? Leoš anakumbuka aliliomba.

Nimesema nilikuwa na kazi nyingi.


Jumamosi, 2 Novemba

Siku ya marehemu. Mara ya kwanza sikwenda makaburini kwa mke wangu Ludmila. Vlasta kapita kule kabla ya zamu, kawasha mshumaa kwa niaba yangu, kanionyesha picha kwenye simu. Upepo ulikuwa umeinamisha mwali upande wa jina langu, ambalo limekwisha chongwa, limebakiza mwaka wa kufa tu.

Basi niandike. Kichwa bado kiko sawa asubuhi.

Leoš Kaláb na mimi tuliingia taasisi wiki ile ile. Yeye aliandika Mzizi, mfumo wa mafaili — ule unaopanga kila kitu kwenye diski, kila faili chini ya folda yake, kila folda chini ya mzazi wake. Mimi niliandika Kinu cha kuutesa. Yeye anajenga, mimi nabomoa, yeye anakarabati. Miaka kumi na minane. Watu waliuliza Mzizi umeandikwa na nani. Hakuna aliyeuliza umepimwa na nani.

Machi 2014 taasisi ilimpa tuzo. Ukumbini akashukuru kila mtu. Mkewe. Mpishi wa kantini, kwa zile supu. Dereva. Halafu akasema: "Na Ctibor, anayetuvunjia vyombo!" Ukumbi mzima ukacheka. Nami nikacheka. Nilisimama hata, nikainama kidogo.

Hakuwa na ubaya. Leoš hana ubaya, hiyo ndiyo shida yake.

Wiki ile alikuwa anaingiza kwenye Mzizi uwezo mpya, wa kubadilishana majina. Aliniomba niandike jaribio lake. Nikaliandika nyumbani, siku tano, Ludmila akiniletea chakula mezani. Jumapili tarehe 16 Machi nikalielekeza kwenye Mzizi. Saa ya tatu ya kusaga — likanasa kosa! Folda mbili za wazazi tofauti zikibadilishana majina, na umeme ukakatika katika nukta ile ile, kila moja inabaki inaelekeza kwa mzazi asiyeitambua. Yatima wawili. Na vyote vilivyomo ndani, maelfu, havifikiki tena.

Ilikuwa kazi bora ya maisha yangu. Nilikuwa na namba ya kuanzia, 40117: ukikipa Kinu namba hiyo, kinarudia vitendo vile vile kwa mfuatano ule ule, kosa linatokea kila mara. Ningempigia simu palepale.

Sikupiga. Nilitaka afurahie tuzo yake. Hapana. Ungama vizuri, mzee. Nilitaka Mzizi utoke ukiwa na lile kosa ndani. Nilitaka auzindue mbele ya watu, kisha mimi, mvunja vyombo, nije na namba yangu. Mwezi mmoja tu, nilijiambia.

Aprili akanikuta kwenye korido. "Umefika wapi na lile la kubadilishana?"

Nikasema: "Bado."

Neno moja. Akanipiga bega, akasema usijiue, mimi mwenyewe nimelipima kwa mkono, linaonekana zuri. Akautoa.

Mwezi mmoja ukapita, ikawa aibu kusema. Miwili ikapita, ikawa haiwezekani.

Nimechoka. Nitaendelea.


Jumapili, 3 Novemba

Oktoba ya mwaka ule. Hifadhi moja ya nyaraka, wilaya sitaitaja. Walikuwa wanapiga picha vitabu vya kumbukumbu vya vijiji — kila kijiji chetu na kitabu chake, na mwandishi wake, anaandika nani kazaliwa, mvua ilinyesha lini, paka gani alikwama kwenye mnara. Vijiji thelathini na kimoja. Mashine yao ilikuwa inaweka folda mpya mahali pa ya zamani kwa kubadilishana majina. Radi ikapiga kituo cha umeme.

Nakala yao ya akiba ilikuwa ya miezi minane nyuma. Vitabu vingi viliweza kupigwa picha upya. Vinne havikuweza. Vilikuwa vimeoza kwa ukungu na vilikwisha chomwa baada ya kupigwa picha.

Leoš alilala pale hifadhini siku kumi na tisa. Alichimba diski ile kama mtu anayetafuta watu chini ya nyumba iliyoporomoka. Alipata vipande. Nusu ya harusi. Orodha ya ng'ombe isiyo na mwaka.

Taasisi ikaunda kamati ya uchunguzi, watu watatu. Nilikuwa wa tatu. Sentensi ya mwisho ya ripoti niliitunga mimi: mwandishi wa mfumo hakuupima vya kutosha kabla ya kuutoa. Wenzangu waliiona kali. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania.

Leoš aliisoma mbele yetu. Akasema: "Ni kweli." Akanipa mkono. Mimi kwanza!

Desemba akaacha kazi. Akaenda kijijini kwa wakwe, kwenye mizabibu. Kosa lenyewe mtu mwingine alilirekebisha mwaka uliofuata, mistari sita.

Na unadhani nilipata nini? Hakuna aliyeuliza umepimwa na nani.


Jumatatu, 4 Novemba

Nimelipata!

Kosa! La Zdislava! Mstari wa 212. Nimekaa wima kitandani bila msaada, mara ya kwanza tangu Septemba.

Kinu huwa na orodha yake ya ndani: kila faili, na mzazi wake ni folda gani. Folda A na B zikibadilishana, lazima orodha nayo ibadilishwe. Binti anaipita mara mbili. Mara ya kwanza: watoto wote wa A wawe wa B. Mara ya pili: watoto wote wa B wawe wa A. Lakini wale wa kwanza wamekwisha kuwa wa B! Wanarudishwa pamoja na wengine. Mwishoni A ana watoto wote, B hana hata mmoja. Kuanzia hapo Kinu kinatafuta mafaili mahali yasipokuwepo, kinakosa, kinanyamaza, kinaendelea. Kinasaga hewa. Na kinasema diski ni nzima!

Inatakiwa upite mara moja tu. Ukikuta wa A, mpe B. Ukikuta wa B, mpe A. Songa mbele. Mimi nililiona siku ya kwanza, 2014. Siku ya kwanza!

Na Leoš kalitazama hili na hakuliona. Chaki yake na pipa lake.

Nimeandika jibu kwa orodha ya barua pepe ya taasisi, wasome wote mia mbili. Nimeanza hivi: Mpendwa mhandisi Mračková, inasikitisha. Nimelitia chumvi. Nimelisoma kwa sauti. Vlasta kaingia na supu ya vitunguu saumu, kasema sijawahi kukuona na rangi usoni, umeandikiwa na mwanamke? Nimesema karibu hivyo.

Sikulituma. Kuna njia nzuri zaidi. Nitie saini. Asimame tarehe kumi na mbili mbele ya watu, azindue jaribio, mtu aulize swali moja. Si lazima awe mimi. Atakuwepo mtu.


Jumanne, 5 Novemba

Sikulala vizuri. Nimeitazama saini yangu kwenye skrini, haijatumwa. "Imekaguliwa na Ctibor Hrubeš." Ni jina refu kuliko nilivyodhani.

Ni ile ile. Ni Machi ile ile, nimeletewa tena mezani.


Jumatano, 6 Novemba

Simu. Leoš mwenyewe!

Hana haja ya kujitambulisha, anaanza katikati kama alitoka chumbani dakika moja iliyopita. "We mzee kichwa ngumu, nasikia unataka kufa bila kuniaga?" Nikasema nilikuwa napanga kukutumia kadi. Akacheka kile kicheko. Jumatatu ni Mtakatifu Martin, siku ya kuonja mvinyo wa mwaka, analeta mvinyo mpya, wa mizabibu yake mwenyewe, tuufungue saa tano kamili kama watu. Nikamwambia daktari kanikataza. "Basi nitakunywa mimi, wewe utanitazama kwa wivu."

Alikuwa anatania. Hajui alichosema.

Kaniambia mjukuu wake ameanza shule. Kaniambia mwandishi wa kitabu cha kijiji chao kafariki, halmashauri ikampa yeye kazi hiyo. Anaandika kwa kalamu ya wino. Kila Jumapili. "Nadaiwa vinne, Ctibor, nalipa kidogo kidogo."

Kila mtu hapa angempenda kwa sentensi ile moja. Nami nilimpenda. Nikachukia kwamba sentensi ile ni yake.

Tangu jana naliwaza hili: nikimwambia, atanisamehe. Palepale. Ataniwekea mkono begani. Na hapo atakuwa amenishinda kwa mara ya mwisho, sitakuwa na muda wa kurudisha.

Huo nao ni wivu. Najua. Niko kitandani, nina kilo hamsini na moja, mirija puani, bado namwonea mtu wivu kwa msamaha ambao hajautoa.


Alhamisi, 7 Novemba

Nimempigia Zdislava. Nilifanya haraka kabla sijabadili nia. Mstari wa 212, nikasema. Unapita orodha mara mbili. Pita mara moja.

Nikasikia vidole vyake kwenye kibodi. Kisha akasema neno ambalo wahandisi wa kike hawakuwa wakilisema zamani zetu.

— Bwana mhandisi, ningejiaibisha mbele ya watu wote.

— Ndiyo.

— Umelionaje? Nimelitazama mwezi mzima. Leoš kalitazama. Mashine imezunguka siku nne ikisema safi.

— Ilisema safi kwa sababu ilikuwa haifanyi kitu. Jaribio lisilopata kosa hata dogo, lishuku kwanza lenyewe.

— Lakini umelionaje kwa siku kumi tu?

Nikasema: uzoefu.

Uongo wa pili. Mfupi kama ule wa kwanza.

Kasema asante kwa sauti ya mtu anayemaanisha. Nilijisikia vizuri kama dakika kumi. Halafu nikaanza kufikiri: sasa kazi yake haina kosa. Sasa ni ya kwanza, na ni nzuri, na ni yake.

Nikasema tu hivi mwishoni, pumzi ikiwa imekwisha: niite Ctibor. Kasema: sawa. Ctibor. Lilisikika kama kiatu kipya.


Ijumaa, 8 Novemba

Toleo la pili limefika. Mstari umenyooka. Chini kaongeza: "Kosa lililotambuliwa na Ctibor Hrubeš." Na ile sentensi ya juu ipo bado, ameikuza kidogo: hadi leo hakuna mtu aliyewahi kuandika jaribio hili, kama lingekuwepo mwaka 2014, janga la hifadhi lisingetokea.

Kama lingekuwepo.

Nimekaa nalo saa mbili. Siwezi kutia saini chini ya sentensi ile. Si kwa sababu ya haki, nisijipake mafuta. Ni kwa sababu nilikuwa wa kwanza! Nilikuwa wa kwanza, na nilipita mara moja, na namba ni 40117. Na ushahidi pekee kwamba nilikuwa wa kwanza ni tarehe. Na tarehe ile ndiyo inayoninyonga. Nikitaka sifa lazima nilibebe jeneza lililokuja nayo.

Nimemwomba Vlasta ashushe kisanduku juu ya kabati. Ndani, chini ya kamera ya Ludmila, diski ndogo nyeusi. Sikuwahi kuitupa. Mtu anayetaka kuficha kitu hutupa. Mimi nilikuwa nasubiri nini, miaka kumi?

Ikafunguka. Kila kitu kipo. Nimechapa karatasi mbili. Ya kwanza ni jaribio lenyewe, ukurasa mmoja, zuri. Ya pili ni taarifa iliyotolewa na Kinu siku ile: namba ya kuanzia, folda mbili yatima, na juu kabisa siku na saa. Jumapili, 16 Machi 2014, saa kumi jioni na dakika arobaini na mbili.

— Mapenzi ya zamani? kauliza Vlasta.

— Hapana. Ripoti ya uchunguzi.

Kaziweka kwenye bahasha. Sijaandika jina la mtu juu yake.


Jumamosi, 9 Novemba

Maji mapafuni. Wameongeza dawa. Sikuandika asubuhi.

Nimefikiria kumtumia Zdislava bahasha, si Leoš. Yeye ataiweka mbele ya taasisi, itakuwa habari ya kiufundi. Wengine watajua kwanza, Leoš atasikia kwa watu. Ingenifaa. Kwa sababu hiyo hiyo nimekataa.


Jumapili, 10 Novemba

Sauti imekwenda. Inatoka kama karatasi ikikunjwa. Vlasta anataka niandike ninachotaka: maji, mto, funga dirisha. Anasoma, anajibu kwa sauti kubwa kana kwamba nimekuwa kiziwi pia.

Kesho saa tano.

Bado sijatia saini. Zdislava hajasukuma. Kaandika tu: pumzika, Ctibor.


Jumatatu, 11 Novemba

Kaja saa nne na nusu, kafika mapema kama zamani. Mnene kidogo. Jua limempiga shingoni. Kofia mkononi, chupa kwapani, paja la bata bukini kwenye karatasi ya alumini kutoka kwa Jarmila. Kambusu Vlasta mkono, Vlasta kawa mwekundu — miezi miwili ananihudumia mimi, sijawahi kumbadilisha rangi!

— Sista, huyu mzee anakusumbua?

— Anasumbua kompyuta zaidi.

— Ndivyo alivyo. Mvunja vyombo!

Bado analitumia. Kwa upendo. Miaka kumi anafikiri ni jina zuri.

Kaketi ukingoni mwa kitanda. Kaniambia baridi imekuja mapema, panya wamekula kamba za mizabibu, mjukuu kamwandikia barua yenye makosa saba na ameyatundika yote ukutani. Nikamsikiliza. Nilisahau kumchukia kwa muda, kisha nikakumbuka.

Saa tano kengele za kanisa kuu zikapiga za adhuhuri, saa moja kabla ya wakati, kama ilivyo desturi ya kale ya mji huu. Kafungua mvinyo. Kanichovya ulimi kwa kijiko. Mchachu, mchanga, una harufu ya cheri. Ni mzuri. Hata mvinyo!

Nikamwonyesha bahasha kwenye kiti. Nikaandika: kasome jikoni, kuna mwanga. Sikutaka kuona uso.

Ameondoka nayo. Naandika. Nasikia kiti kikivutwa.

Anacheka! Anapiga kelele kutoka kule: "We mwizi! Ulikwisha liandika! Vlasta, njoo uone, huyu mtu alikuwa nalo kabatini! Nilimwambia Zdislava, nilimwambia, Ctibor lazima analo mahali. Tazama hii, kapita mara moja tu. Mara moja! Tazama uzuri wake!"

Anamwonyesha Vlasta, ambaye haelewi. Anafurahi kwa ajili yangu. Mungu wangu, anafurahi.

Hiyo ni karatasi ya kwanza.

Sasa kimya.

Vlasta kapita kwenda bafuni, kaniangalia.

Nasikia karatasi ikigeuzwa, kisha ikigeuzwa tena.

"Ctibor?"

Si sauti ile.

"Ctibor. Hii tarehe hapa juu."

Amekuja. Yuko mlangoni. Miwani kaipandisha kwenye paji, karatasi ya pili mkononi, kaishika mbali na mwili kama kitu kinachovuja. Anasema zile mashine za nyumbani za wakati ule, saa zake zilikuwa mbovu, si ndiyo? Betri ikiisha zinaruka miaka. Anakumbuka ya kwake iliwahi kuandika 1970. "Ilikuwa mbovu saa yako, Ctibor. Niambie tu ilikuwa mbovu."

Hata sasa! Ananifungulia mlango nitoke. Kautafuta yeye mwenyewe, kaufungua yeye mwenyewe, anaushikilia usijifunge. Hata hapa ananizidi.

Saa ilikuwa nzima. Niliirekebisha asubuhi ile ile kwa kengele za kanisa la mtaani, Ludmila akicheka.

Nimeinua kidole: subiri. Naandika. Anadhani namwandikia yeye jibu. Amekaa ukingoni mwa kitanda, mahali pale pale, karatasi magotini. Anaitazama kalamu yangu inavyokwenda, hasomi, ni mtu wa adabu, anangoja nimalize mstari.

Amenyoosha mkono apewe daftari. Limeanzia tarehe ishirini na nane. Sijui nimfungulie ukurasa upi —